Kumtafutia Jina Chura wa Zagayu

Niliondoka Bariadi nikiwa na hasira, na mtu wa hasira mimi siye. Ninyi mnaonijua hapo sokoni, kwenye kibanda changu cha kurekodi kaseti, mnajua kwamba hata mteja akiniletea kaseti iliyotafunwa na redio yake, utepe umemwagika nje kama utumbo wa kuku, tunaishia kucheka wote wawili. Elimu yangu ni ya darasa la saba. Ndoto zangu ndizo kubwa. Miaka ile walikuwa wameanza kusema kwamba hata watu binafsi wataruhusiwa kufungua vituo vya redio, na mimi nilishajisikia kabisa nikisoma salamu za wasikilizaji, hapa ni Shija, pale ulipo ni wewe.

Kila kitu kilikuwa kinaruhusiwa wakati huo. Pamba ambayo baba zetu waliiuza ushirika tu, sasa aliinunua yeyote mwenye mzani na lori. Mitumba ikamwagika, sabuni za kila rangi, betri, redio. Neno lilikuwa moja: biashara huria. Mtu akishalitamka hilo alijiona amemaliza mabishano, hata kama mlikuwa mnabishana habari ya mvua.

Asubuhi moja mwanzoni mwa mvua za vuli, dada mmoja alisimama mbele ya kibanda changu. Viatu vyake vilikuwa na tope hadi kwenye kamba, na begani alikuwa na mkoba wenye chupa zilizogongana.

"Kaka, hiyo redio yako inarekodi sauti ya nje?"

"Inarekodi hata chawa akikohoa, dada."

"Chawa simhitaji. Nataka chura."

Nilicheka mpaka jirani yangu muuza viatu akatoa kichwa. Yeye hakucheka. Alijitaja kuwa anaitwa Rehema, mtu wa Korogwe, anasoma chuo kikuu na kazi yake ni vyura. Mashine yake ya kurekodi ilikuwa imeingia maji. Alitaka mtu mwenye redio kaseti waende naye Zagayu, na waende leo.

Zagayu ni kwa mjomba wangu Masanja, kaka yake mama. Na lambo lenyewe alilolitaja, lile la kunyweshea ng'ombe chini ya mlima mdogo, ni mjomba Masanja na majirani zake waliolichimba. Nikafunga kibanda.

Kabla ya kuondoka mjini tulipitia ofisi moja inayohusika na mambo ya wanyama. Njiani dada Rehema alinieleza, naye ana kipaji cha kueleza. Nchi yetu ina vyura wa aina nyingi kuliko watu wanavyodhani, na kila mtu akiingia porini na macho mazuri anamwona mwingine ambaye hajaandikwa popote. Wanaojua kuwapambanua ni wachache mno. Vitabu vyenyewe vimeandikwa mbali, na watu waliotazama vyura waliokufa ndani ya chupa. Sasa pale Zagayu, mvua zilizopita, aliona chura mweusi, ngozi inang'aa kama buti la mpira lililolowa, anatembea badala ya kuruka. Yule anayejulikana vitabuni ana michirizi miwili myekundu mgongoni. Huyu hana michirizi. Ana madoa ya rangi ya chungwa, na sauti yake ni nyingine.

"Basi si ni mwingine," nikasema. "Kazi imekwisha."

"Haijaanza. Ili niseme ni mwingine, lazima nimlinganishe na yule wa kwanza kabisa aliyepewa jina. Huyo yuko Ulaya kwenye chupa tangu enzi za wakoloni. Na spiriti imemla rangi, amekuwa mweupe. Hakuna ajuaye kama alikuwa na michirizi au madoa."

"Wakutumie umwone."

"Niliomba. Wamesema ni mzee sana, hasafiri."

Chura katoka kwetu, kapelekwa kwao, na leo kawa mzee wa kutosafiri! Hapo ndipo nilipoanza kupata joto. Lakini la ofisini lilikuwa kubwa zaidi.

Ofisa alitupokea vizuri, alitupa viti. Dada Rehema akamweleza kwamba kuna mfanyabiashara anazunguka malambo na mapipa ya plastiki, ananunua vyura wa kupeleka nje wakafugwe majumbani kama paka, na kwamba Zagayu ndiyo zamu yake inayofuata. Akaomba lambo lile liachwe kwanza.

"Chura wako anaitwaje?" akauliza ofisa.

"Bado hana jina. Ndiyo kazi ninayoifanya."

"Asiye na jina hayumo kwenye orodha. Asiyemo siwezi kumzuia mtu asimchukue."

"Sasa huyo mtu anamchukua kwa jina gani?"

"Kwa jina la yule wa michirizi. Kibali chake kinasema hivyo, na kibali ni halali."

"Lakini huyu si yule!"

"Hayo unayasema wewe, dada. Lete jina, nitakusaidia." Akatabasamu kwa wema kabisa. "Ni biashara huria siku hizi."

Jamani! Tulipotoka nje nilikuwa naongea peke yangu. Yaani chura huyohuyo, akitakiwa kusafirishwa anatosha kuwa wa michirizi, akitakiwa kulindwa hatoshi kuwa kitu chochote. Dada Rehema alinisubiri nimalize. Kisha akasema linalotakiwa ni kuwahi. Apate sauti yake akiwa palepale lamboni, ampate na yeye mwenyewe, apeleke chuoni vyote viwili kabla ya mapipa kufika. Akipata jina, msimu ujao ofisa atalazimika kusema hapana.

Tulipanda lori lililokuwa linapeleka mbegu za pamba vijijini. Kukaa juu ya magunia ya mbegu ni raha kuliko kiti cha basi, ukiondoa vumbi la dawa linalokuwasha shingo. Mbuga ilikuwa imeshalowa na kuwa nyeusi tii, watu wameinamia majembe, wanatupungia mikono. Mimi niliikumbatia redio yangu kama mtoto. Kwenye korongo moja maji yalikuwa yanapita kwa fujo, dereva akazima injini, akashuka, akakata mswaki mtini na kuanza kusugua meno. Ndiyo tukajua tunasubiri. Dada Rehema alishuka pia, akaanza kugeuza mawe ukingoni. Wenzetu wa juu ya magunia walimtazama kwa huruma.

"Huyu binti kapotewa na nini?" akauliza mama mmoja.

"Chura," nikajibu.

"Pole yake," akasema mama, kwa dhati kabisa.

Tuliingia Zagayu alasiri. Mjomba Masanja alitupokea mwenyewe nje ya boma, mrefu, shati limefungwa kifungo kimoja, sauti yake ya kuitia ng'ombe hata akiwa anasema na mtu aliye karibu.

"Mwadila, mpwa wangu! Umeleta mke?"

"Mjomba! Nimeleta mwalimu wa vyura."

"Mwalimu wa vyura. Nao wanasoma?" Akamgeukia dada Rehema, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Mwadila, mwalimu. Mhola?"

"Mhola," akajibu dada Rehema, Kisukuma chake chote kikaishia hapo, na boma zima likashangilia.

Mama Kulwa, mke wa mjomba, alitupa michembe ya viazi vitamu iliyochemshwa na maziwa, tukala haraka tukateremka lamboni. Manyunyu yalikuwa yamekatika muda si mrefu. Na hapo, jua likiwa bado linaonekana, nikawasikia. Sitaisahau sauti ile. Haikoromi kama ya vyura wa kawaida. Ni kama filimbi ya mtu aliye mbali, inapanda taratibu, inatetemeka, na inakatika ghafla kama vile aliyekuwa akipuliza ameitwa. Mmoja akimaliza mwingine anapokea. Nikajisemea, hii ningeipiga redioni kila asubuhi kabla ya habari.

Dada Rehema alinipa sharti lake. Ninamrekodi mmoja, na yeye anamkamata huyohuyo niliyemrekodi. "Sauti ya huyu na mwili wa yule ni uongo," alisema. Hivyo hakugusa chura hata mmoja mpaka kaseti iwe safi.

Kaseti safi, Zagayu? Habari zilishaenea kwamba Shija amekuja na studio. Wakaja majirani, wakaja watoto, likaja na kundi la ng'ombe wa mjomba na kengele zao kunywa maji. Kila nilipobonyeza, mtu anainama kwenye redio: "Namsalimu shangazi yangu aliyeko Ngudu!" Mjomba mwenyewe aliyekuja kuwafukuza alishindwa kujizuia, akatoa salamu kwa ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi zao. Dada Rehema alicheka mpaka akakaa chini. Akasema basi, kesho jioni, tukiwa peke yetu.

Wakati wa chakula alimweleza mjomba habari za yule mwenye mapipa. Mjomba aliacha kutafuna.

"Atawachukua wote?"

"Akiwakuta kwenye lambo moja namna hii, wote. Atawalipa vijana wawafukue."

"Na kama wangekuwa kwenye malambo mengi?"

"Hapo angehangaika sana," alisema dada Rehema, anapuliza tonge la ugali wa mtama ulio moto. Sidhani kama yeye mwenyewe alijisikia anachosema.

Asubuhi iliyofuata niliamka nikakuta boma halina mtu isipokuwa Mama Kulwa. Tulikuwa tunakunywa uji mjomba aliporudi na wanawe, baiskeli tatu, ndoo zinaning'inia, wote wamepakwa tope mpaka kwenye nyusi. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tangu pamba ilipopanda bei.

"Mwalimu, kula uji wako kwa amani. Nimewabilisa."

Ninyi wa mjini mliosahau, nawakumbusha. Mtu wetu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizini kwake. Wengine anampa dada yake kijiji kile, wengine rafiki yake kijiji kingine, wawatunze na wanywe maziwa. Ugonjwa ukiingia hapa, au wezi, hapotezi wote. Huko ndiko kubilisa. Hufanywa mbele ya mashahidi, na anayetunza anajua si mali yake. Mjomba alikuwa amewafanyia hivyo vyura. Alianza usiku, akawakusanya mmoja mmoja, akawapeleka kwa marafiki na kwa dada yake Mbuke, na kila alikowaacha aliita mashahidi, mmojawapo mtu wa sungusungu, wale walinzi wa kijiji.

Dada Rehema aliweka bakuli chini polepole.

"Huko ulikowapeleka, kuna wale wa michirizi?"

"Wamejaa! Hawatakuwa wapweke."

"Kaka Masanja," akasema, na sauti yake ikawa ndogo, "umeniua."

Mjomba alitazama ndoo, akanitazama mimi.

"Nimewaokoa, mwalimu."

"Umewaokoa, ndiyo. Lakini kazi yangu ni chura na mahali pake. Nikimtoa kule nikasema ni wa lambo hili, nitakuwa naongopa. Nikisema ni wa kule, naongopa pia. Na wakizaa na wale wa michirizi, au wasipozaa, nitajuaje ingekuwaje kama wasingepelekwa? Mtu yeyote ataniuliza, hawa walikuwa wanaishi pamoja au mbalimbali? Nami sitakuwa na jibu."

"Kwani ng'ombe wangu akiwa kwa Mbuke si wangu?"

"Ni wako."

"Basi?"

Nilimwonea huruma dada Rehema, nilimwonea huruma mjomba aliyesimama na tope lake linakauka usoni, na hasira zangu zikakosa mahali pa kukaa.

Zilipata mahali muda si mrefu. Jua likiwa limeshakuwa kali, pikapu nyeupe ilisimama lamboni, akashuka bwana mmoja wa makamo, shati lenye picha za minazi, mcheshi, lafudhi ya Dar. Jina lake alilitaja lakini mimi namwita Bwana Mapipa. Alitandaza kibali juu ya boneti kabla hajaulizwa, akakipapasa kama kitambaa cha bei. Vijana wawili watatu walishuka majini kumtafutia, wakatoka mikono mitupu.

Nikaenda kuchungulia pipa lake. Heri nisingeenda. Vyura wa kila namna walikuwa wametumbukizwa humo pamoja, wa kijani, wa kahawia, wale weusi wa michirizi. Wale weusi wana utomvu mkali kwenye ngozi, dada Rehema alishaniambia nisijipanguse macho nikimshika. Wenzao waliokuwa nao pipani walikuwa wameshageuka matumbo juu, vidole vimekunjamana. Mmoja mdogo wa kijani alikuwa bado anavuta pumzi. Nilimtoa nikamweka kwenye majani, akafa palepale mbele yangu.

"Hivi mzee, huoni wanakufa?"

"Wanakufa, ndiyo. Wanaofika wanatosha." Hakuwa mkali hata kidogo. "Kijana, na wewe kaseti zako hazikatiki?"

Dada Rehema alikuwa ameinamia pipa. Chini kabisa, kwenye kona, kulikuwa na wawili wenye madoa ya chungwa.

"Hawa uliwatoa wapi?"

"Huku huku."

"Huku wapi? Lambo gani?"

"Dada, nazunguka sana. Andika Kanda ya Ziwa."

"Na huko wanakokwenda utasema ni akina nani?"

"Wa michirizi. Ndivyo karatasi inavyosema." Aliuangalia ule mkoba wenye chupa, akacheka. "Usininunie, msomi. Tunafanya kazi moja. Wewe unawatia kwenye spiriti, mimi nawapandisha ndege. Nani anawapenda zaidi?"

Aliondoka akipiga honi kwa watoto. Mimi nilitamani kurusha jiwe. Nawaambieni ukweli, nililiokota kabisa, mjomba akanishika mkono. Dada Rehema alikuwa anaufunga mkoba wake wa chupa, na nilivyomtazama nikaona kwamba lile la spiriti limemchoma, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake.

Jioni tukateremka lamboni bila matumaini, mimi na yeye na mjomba. Maji yalikuwa kimya. Tulikaa. Tukaanza kunyanyuka. Ndipo filimbi ile ikapanda, moja tu, kutoka kwenye alama ya kwato la ng'ombe iliyojaa maji ukingoni. Mmoja alikuwa amebaki. Aliimba, akanyamaza kusubiri apokewe, hakuna aliyempokea, akaimba tena.

Nilimrekodi. Hakuna kengele, hakuna salamu, kaseti safi kabisa. Dada Rehema alitambaa kwa magoti, akamfunika kwa kiganja. Akatusogezea tumwone. Alikuwa na madoa saba au nane, sikumbuki, na macho meusi yenye upole.

"Sasa?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Sasa nina dawa ya usingizi. Hatasikia kitu. Halafu chupa."

"Huyu? Aliyebaki peke yake? Dada, ina maana ili apewe jina lazima umuue?"

"Bila mwili hawalikubali jina."

"Nani hawalikubali? Hao hao wenye yule mzee asiyesafiri?" Nililia, sioni haya kusema. Nilisema maneno mengi. Nilimwambia kama kazi yenyewe ndiyo hii basi Bwana Mapipa hakukosea. Hakunigombeza. Alibaki amepiga magoti, chura mkononi, na machozi yake nayo yanadondoka kwenye tope.

"Nikimwachia, mvua ijayo ofisa ataniuliza jina," alisema. "Nikimchukua, huenda huyu akawa wa mwisho kufa bila kujulikana. Sijui, Shija. Hata mimi sijui. Mniambie ninyi."

Mjomba Masanja ndiye aliyechuchumaa. Alimtazama yule chura muda mrefu kama anavyotazama fahali siku ya kuchinja. Kwetu, boma likiwa na shughuli, mwenye ng'ombe ndiye anayemshika fahali pembe na kumtoa kwa mdomo wake mwenyewe mbele ya watu. Asipotamka, nyama ile hailiki kwa raha.

"Lambo nimechimba mimi na wenzangu," akasema. "Waliomo tunawatunza sisi. Huyu namtoa mimi, Masanja. Unapoandika, andika hakununuliwa wala hakuibiwa. Alitolewa."

"Nitaandika," akasema dada Rehema.

Sikuangalia yaliyofuata.

Kesho yake tulishika njia ya Malampaka. Kuna mahali tulienda kwa baiskeli za mjomba, kuna mahali tulipewa lifti na lori la chumvi kupitia Maswa, kuna mahali tulitembea viatu mkononi. Dada Rehema alibeba chupa mwenyewe muda wote. Mimi nilibeba kaseti kwenye mfuko wa shati, upande wa moyo, nimeivunja vile vipembe viwili vya nyuma ili mtu asije akarekodi muziki juu yake.

Kituoni Malampaka watu walikuwa wamelala juu ya mizigo yao wakisubiri treni inayotoka Mwanza. Tulinunua karanga tukakaa kwenye gunia la mtu. Nikamuuliza, hao wakubwa wa majina wakisema chura mmoja hatoshi?

"Watasema hatoshi. Watasema huenda ni mmoja tu aliyeharibika rangi."

"Na kaseti?"

"Watasema ni sauti ya mmoja."

"Si umwongeze mmoja wa kwa mama mdogo Mbuke, useme ni wa lambo? Nani atajua?"

Alinitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyetukana bila kujua. "Mimi nitajua. Na mwenzangu atakayekuja baada yangu atapotea kwa ajili yangu. Ndivyo tulivyopotezwa sisi, Shija. Kuna mtu alitia chura kwenye chupa bila kusema vizuri alimtoa wapi, na mpaka leo tunamzunguka."

Treni ilipofika alinikumbatia, akaingia, akatoa kichwa dirishani. "Mvua ijayo nakuja tena. Usiuze redio!" Nilipunga mkono mpaka behewa la mwisho likaisha, nikabaki nimesimama na hasira ambayo haina wa kumpiga. Mtu mwaminifu anaondoka na chura mmoja na huenda asisikilizwe. Yule mwingine ana pipa zima, na karatasi yake ya uongo inapokelewa kila mlango.

Kurudi nilipitia Zagayu. Mjomba alikuwa anatoka kwenda kukagua mifugo yake, akimaanisha vyura, akanipakia nyuma ya baiskeli tukaenda kwa mama mdogo Mbuke, kijiji cha pili. Tulipokaribia majaruba yake ya mpunga nikaiona pikapu nyeupe.

Mama mdogo alikuwa katikati ya jaruba, sketi imepandishwa, mche wa mpunga mkononi. Bwana Mapipa alikuwa kwenye tuta, viatu vimevuliwa, anabembeleza.

"Mama, ni vyura tu. Wewe hawakusaidii kitu, mimi nakupa chochote utakacho."

"Si wangu."

"Wamo kwenye jaruba lako!"

"Na ng'ombe wa kaka yangu wamo zizini mwangu. Niwauze nao?"

"Kibali ninacho, mama. Cha serikali. Soma."

"Nisomee wewe."

"Kinasema chura mweusi wa michirizi."

"Hawa wana madoa," akasema mama mdogo. "Kawatafute wa michirizi."

Vijana waliokuwa wanapanda mpunga kwenye majaruba ya jirani walishasimama wima. Mmoja wao alikuwa na filimbi ya sungusungu shingoni, na alikuwa ni mmoja wa mashahidi wa ile asubuhi. Akaiweka mdomoni, hakuipuliza. Bwana Mapipa alielewa. Kila mfanyabiashara anayezunguka kwetu anajua kitakachotokea ikipulizwa kwa ajili ya mfugo uliokabidhiwa mbele ya mashahidi. Kijiji kizima kinatoka, na hakuna anayesoma kibali.

Akaanza kuvaa viatu kwa ghadhabu. "Watu wazima mnagombania chura! Chura gani huyo, hata jina hana!"

"Jina hana," akasema mama mdogo Mbuke. "Mwenyewe anaye. Ndiye huyo anashuka kwenye baiskeli."

Nilicheka mpaka nikaangukia kwenye tuta. Mjomba hakucheka. Alisimama mbele ya pikapu na sauti yake ya kuitia ng'ombe, akamwambia yule bwana salamu zake zifike kwenye malambo mengine yote, kwamba wa madoa wana mtu. Pikapu ilipoondoka, kaka na dada walianza kubishana, vyura wakizaa watagawana vipi.

Nimerudi Bariadi, nimefungua kibanda, na watu wananiuliza safari imenifunza nini. Imenifunza kwamba nchi inaweza kujaa viumbe na isiwe na majina yao, kwa sababu wa kutaja ni wachache na wa kulinganishia wamefungiwa mbali. Imenifunza kwamba pipa halisubiri jina. Na dada Rehema yuko sahihi, mjomba alimharibia kazi, na kwa miaka mingi hakuna atakayejua kwa uhakika nani aliimba wapi. Mjomba naye yuko sahihi, kwa sababu wanaimba. Sijui la kufanya na kweli mbili za namna hiyo, ila najua aliyetuweka mahali pa kuchagua kati yake ni mwenye pipa na kibali chake, na huyo nitaendelea kumkasirikia.

Jana nilipita ile ofisi. Ofisa alinikaribisha kiti, akaniuliza kwa wema kama jina limepatikana. Nikamwambia bado. Nikamwambia pia kwamba akija mtu na kibali cha kwenda Zagayu, amweleze mapema kwamba vyura wa kule ni wa Masanja, wametunzwa kwa dada yake na kwa rafiki zake, na mashahidi wapo. Alishika kalamu, akaiweka chini, akaishika tena.

"Masanja nani?" akauliza.

Nikakaa kwenye kile kiti, nikaanza kumtajia majina.